Saba za Mama Mizani

Mama Mizani haanzi kwa kupima, anaanza kwa kuangalia. Mwekee mizani mezani, iwe ya sahani, ya kuning'iniza, au hizi za siku hizi zenye namba za taa, na kwanza ataiacha tupu na kuikodolea macho. Mshale ukilala kwenye sifuri, anaitikia kwa kichwa. Usipolala, anachuchumaa, anapitisha kidole chini ya sahani, na mara nyingi kidole hicho hutoka na kitu: kipande cha sumaku, ubonge wa unga uliokauka, na siku moja kipande cha kitana kilichochomekwa kwenye springi kwa ufundi ambao yeye mwenyewe aliusifia kabla ya kumwandikia mwenye nacho karatasi ya kosa.

Ndiyo kazi yake katika ofisi ya vipimo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Anazunguka madukani na masokoni na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba, kila jiwe kwenye shimo lake lililotandikwa kitambaa, kuhakikisha kwamba kilo ni kilo. Jina la Mama Mizani alipewa na wachuuzi, na tusidanganyane, hawakumpa kwa mapenzi. Akionekana langoni tu, mmoja anapaza sauti, "Mama Mizani huyo!" na soko zima linaanza kufuta sahani. Yeye jina akalipenda, akalichukua, hata nyumbani akaanza kuitwa hivyo.

Basi siku moja, katikati ya soko kubwa, mbele ya meza ya muuza maharage, jiwe la kilo likiwa mkononi, moyo ulimwenda mbio bila sababu. Si mbio za kupanda ngazi. Vidole vilikufa ganzi, pumzi ikawa haishuki, na kelele za watu zikawa zinamjia kutoka mbali. Akaliweka jiwe juu ya maharage, akageuka, akatoka. Sanduku akaliacha wazi mezani kwa mtu. Mwanamke huyu, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiingia nalo hata msalani, aliliacha sanduku na kwenda zake, na likaja kurudishwa ofisini na mbeba mizigo aliyekuwa akiuliza kila mlango kama kuna mtu amepotelewa na dhahabu.

Hospitali alikwenda akijua anakwenda kuambiwa habari za moyo. Daktari akaupima kwa waya na kwa mashine. "Moyo wako mzima kuliko wangu," akasema, akamwelekeza mwisho wa korido, kwenye mlango usio na kibao. Ndani alikuwamo mshauri, binti mwenye miwani mikubwa, aliyemuuliza mambo ambayo hajawahi kuulizwa: analalaje, anakulaje, ni kitu gani kilikuwa kinamfurahisha zamani na sasa hakimfurahishi. Kwa hilo la mwisho Mama Mizani aligeukia dirisha.

"Ni mambo mawili yamekutana," mshauri akamwambia. "Wasiwasi uliopitiliza, na sonona. Sonona ni huzuni inayokaa mwilini mpaka mtu anaona ndivyo alivyo."

"Mwanangu, huzuni ya nini? Hakuna aliyekufa. Sijafukuzwa kazi. Mume wangu mtu mwema, hata kama muda wote yuko barabarani na lori lake."

"Si lazima iwe ya kitu, mama."

Jibu hilo lilimkera kwa siku kadhaa. Maishani mwake hajawahi kuona uzito usiokuwa wa kitu.

Alipewa dawa ya kumeza asubuhi, na miadi mara moja kwa mwezi, kwa maana foleni ya mlango ule usio na kibao ilikuwa ndefu kuliko alivyodhani. Na kwa ajili ya siku zilizo katikati, mshauri alimwekea programu kwenye simu. Kila asubuhi ingemuuliza yuko vipi, naye angejibu kwa namba, sifuri mpaka kumi. Wakikutana, wangezitazama namba hizo pamoja.

"Kwa hiyo ni mizani," Mama Mizani akasema. Kwa mara ya kwanza tangu aingie chumbani humo, alisogeza kiti mbele.

Programu ilitaka pia namba ya mtu wa karibu. Hapo alikwama. Mume hakutaka ajue, asije akawaza mambo usukani ukiwa mkononi. Wafanyakazi wenzake ndiyo kabisa. Binti wa miwani alikuwa anasubiri, foleni nje inakohoa, na namba pekee iliyomjia kichwani ilikuwa ile iliyopakwa rangi nyeupe kwenye ubao wa kijani juu ya kibanda cha wifi yake, anayoipita kila siku akienda kazini. Akaiandika hiyo, akabonyeza, akaisahau.

Na huyu wifi, dada mkubwa wa mumewe, ndiye mtu ambaye alikuwa wa mbali kuliko wote. Ana kibanda cha nafaka, mchele na maharage na unga, pale ukingoni mwa soko. Miaka mitano nyuma Mama Mizani alifika hapo kikazi, akaweka jiwe la kilo, mizani ikasoma kilo na gramu themanini. Wifi hakuwa mwizi. Springi ilikuwa imechoka tu, inanyooka kupita kiasi. Lakini wateja walikuwa wamejaa, na Mama Mizani akaogopa wasije wakasema anawabeba ndugu, basi akabandika karatasi nyekundu hapo hapo, mbele za watu, bila kunong'ona hata neno. Tangu siku hiyo wakikutana misibani na harusini wanasalimiana kwa ncha za vidole.

Sasa kuna jambo la ofisini ambalo bila kulijua mengine hayataeleweka. Kila mwaka, soko kubwa lote hupigwa mihuri kwa wiki moja, mizani kwa mizani, na msafara huo umeongozwa na Mama Mizani tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mkuu wa ofisi, mzee mpole anayependa karatasi kuliko maneno, alimwita. "Mama, niletee barua ya kliniki kwamba uko sawa kuzunguka. Ukiileta kabla ya wiki ya mihuri, sanduku ni lako. Usipoileta, itabidi nikukalishe kwenye mafaili." Akakuna kidevu. Wote wawili walijua kwamba waliokwenda kwenye mafaili hakuna aliyerudi. Mmoja alikuwa bado yuko huko chumba cha pili, anasikika akipiga chafya.

Asubuhi ya kwanza simu ikamuuliza: *Leo uko vipi?* Mama Mizani, akiwa bado kitandani, mwili mzito, akaifikiria barua. Nane ingeonekana anajigamba. Sita ingeleta maswali. Akaweka saba. Kesho yake saba. Keshokutwa saba. Saba ilikuwa namba ya mtu mzima anayeweza kwenda sokoni.

Lakini usidhani hakuwa na hamu na kile kidude. Alikuwa nayo mpaka akajishangaa, kwa sababu kwa miezi hakuwa na hamu na chochote. Humo ndani mlikuwa na duara la samawati linalotanuka na kusinyaa. Linapotanuka unavuta pumzi, linaposinyaa unaitoa. Mama Mizani alichukua saa ya kupimia mbio kutoka kabati la ofisi, akalipima duara mara ishirini: sekunde nne kutanuka, sita kusinyaa, bila kupungua wala kuzidi. Akaandika daftarini, *Duara: sahihi.* Pumzi yenyewe hakuvuta hata moja. Mwenzake wa meza ya jirani akamuuliza kama sasa wameanza kukagua na simu.

Palikuwa pia na mahali pa kuandika wazo linalokusumbua, na ukishaliandika, programu inakuuliza: *Una ushahidi gani?* Swali hilo alilipenda sana. Hilo ndilo swali lake mwenyewe, analowauliza wachuuzi kila siku. Aliandika, *Nitaanguka sokoni,* ikamuuliza ushahidi, akatafuta, akakuta kwamba siku ile hakuanguka. Alitembea kwa miguu yake mpaka nje. Akakaa akilitazama jibu hilo muda mrefu, chai ikapoa.

Mwezi ulipoisha alirudi kliniki. Mshauri akaitazama simu, akainua miwani. "Saba kila siku?"

"Mimi mtu wa utaratibu, mwanangu."

"Haya. Tuone mwezi ujao. Ukiendelea hivi tutazungumza habari ya barua."

Alitoka amefurahi, au tuseme alitoka akijua kwamba alipaswa kufurahi. Njiani likamjia swali la kikazi. Kidude hiki kimepokea saba zaidi ya thelathini bila kuguna. Je, kinapima kweli, au kinameza tu chochote unachokitupia? Mizani isiyojaribiwa yeye hawezi kuiamini, hata iwe imetoka kiwandani jana. Na namna ya kuijaribu ni moja: unaweka juu yake kitu ambacho uzito wake unaujua. Tatizo, jiwe la kilo moja la huzuni halimo sandukuni. Akawaza siku kadhaa, akapata njia. Ataweka cha chini kabisa aone mshale utafanya nini.

Akafungua ukurasa mpya wa daftari. *Kifaa: programu ya simu. Mtengenezaji: hajulikani. Jaribio: uzito wa mwisho, siku tatu.*

Siku ya kwanza akaweka moja. Rangi ya kioo ikabadilika, maneno yakaja: *Pole sana. Ungependa kuandika kilichotokea?* Hakuandika. Akarekodi: *Inaitikia.* Siku ya pili akaweka moja tena. Programu ikampa namba ya kliniki, ikamshauri atembee dakika kumi, ikamkumbusha lile duara. *Inaitikia zaidi,* akaandika, na moyoni akaanza kuiheshimu.

Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, akiwa mezani pake ofisini, aliweka moja ya mwisho. Na ili jaribio likamilike akaona ajaze na kile kisanduku cha kilichotokea. Atatunga sababu yoyote. Kidole kikaanza kuandika.

*Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikifika karibu na soko mikono inakufa. Nacheka watu wakicheka ili wasinitazame. Wiki iliyopita nilikaa bafuni nusu saa na bomba limefungwa. Sijui nimeanza lini. Naogopa kwamba hiki kilichobaki ndicho mimi.*

Aliandika yote hayo bila kuinua kidole, mtu ambaye barua ya likizo humchukua siku mbili. Akayasoma mara moja. Akaitia simu kwenye droo haraka, akaifunga kwa ufunguo, akaenda kwenye kikao.

Kikao kilikuwa kinahusu wino wa mihuri. Kilifika kama saa moja hivi kabla hakijakatizwa na sauti ya mwanamke huko mapokezi, sauti aliyoitambua kabla hajaamini.

"Yuko wapi? Sitaki fomu! Niambie yuko wapi wifi yangu!"

Mama Mizani akatoka. Wifi alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na aproni nyeupe kwa unga, kitambaa cha kichwa kimeteleza shingoni. Mguuni ana kandambili ya bluu, mguu wa pili kandambili nyekundu, kubwa, ya mtu mwingine. Alikuwa anahema. Alipomwona Mama Mizani anakuja kwa miguu yake, mzima, alimtazama kuanzia juu mpaka chini, kisha akakaa sakafuni, puu, hapo hapo alipokuwa.

"Nimepiga simu mara kumi na moja," akasema. "Kumi na moja, wifi."

Simu ilikuwa kwenye droo. Mama Mizani akamshika mkono, akamwinua, akamwingiza chumba pekee kilichokuwa na mlango unaofungika: stoo ya mizani zilizokataliwa. Wakakaa juu ya masanduku, katikati ya sahani zilizobonyea na mishale iliyopinda. Wifi akamwonyesha ujumbe kwenye simu yake. *Ndugu yako Mama Mizani amekuwa na siku ngumu mfululizo na amekuchagua wewe kuwa mtu wake wa karibu. Tafadhali mpigie au mtembelee leo.*

"Nilisoma mara mbili," wifi akasema. "Nikasema wamekosea namba. Nikapiga, hupokei. Nikapiga, hupokei. Kibanda nimekiacha wazi na mteja yuko na mfuko mkononi. Una nini?"

Sasa hapa aibu ilimshika Mama Mizani, aibu ya kweli, ya mashavu kuwaka moto. "Sina kitu, wifi. Nilikuwa naijaribu."

"Unajaribu nini?"

"Hii programu. Kama inapima. Niliweka namba za uongo siku tatu nione itafanya nini. Nilisahau kabisa kama nilikuandika."

Wifi alimkazia jicho. Jicho la wifi mkubwa si kitu cha mchezo. "Kwa hiyo mimi nimekimbia barabarani na kiatu cha jirani," akasema polepole, "kwa sababu wewe unafanya ukaguzi."

"Subiri nikuonyeshe, utaamini." Akakimbilia droo, akarudi na simu, akafungua ule ukurasa wenye mchoro wa siku zote tangu mwanzo. "Ona. Huu mstari wote ni mimi wa kawaida. Hizi tatu za mwisho zilizoshuka ndizo za kujaribu."

Wifi akainama kutazama. Mama Mizani naye akatazama, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuutazama mchoro huo mzima.

Siku arobaini na moja za saba. Mstari umenyooka, hauna hata kikwaruzo. Siku aliyopata homa, saba. Siku aliyorudi mume kutoka safari, saba. Siku ya bafuni, saba.

Akainua macho akatazama rafu. Nusu ya mizani zilizokuwa mle stoo alizileta yeye, na nyingi zina kosa moja: zimekwama. Weka gunia zitasoma namba ile ile, weka unyoya zitasoma namba ile ile, ziache tupu, namba ile ile. Hiyo huhitaji hata jiwe kuijua. Na karibu kila mara, ukichungulia, unakuta mwenyewe ndiye aliyeikwamisha, kwa kusudi, ili ionekane nzuri.

"Wifi," akasema. "Nimekudanganya sasa hivi. Za uongo ni zile saba."

"Na hizi moja?"

Alifungua yale aliyoyaandika asubuhi, akampa simu asome, akaufunika uso kwa mikono yote miwili. Alilia kwa sauti, mle stoo, mwanamke anayeogopwa na soko zima, na hakujali kama wa kikao cha wino wanasikia. Wifi alisoma pole pole, midomo ikicheza. Alipomaliza hakusema maneno ya busara, kwa sababu hakuwa nayo. Alimfuta machozi kwa aproni, akamwachia unga usoni.

"Umekula leo?" akauliza.

"Hapana."

"Jana?"

"Kidogo."

"Twende." Halafu akasimama, akakumbuka. "Na ukinijaribu tena nitakuchapa."

Siku mbili baadaye walikwenda kliniki pamoja, kabla ya miadi. Wifi alibaki koridoni akiwauliza watu wa foleni wanaumwa nini. Ndani, Mama Mizani aliweka simu mezani akasema yote, saba na moja, kwa mpangilio, kama anatoa ushahidi dhidi ya mchuuzi. Alijua barua inaondoka. Aliona inaondoka kila alipofungua mdomo, akaendelea kusema.

"Nashukuru umeniambia," mshauri akasema. "Nilikuwa nimeshaanza kuiandika kichwani."

"Na sasa?"

"Sasa siandiki, mama. Si leo. Tutaangalia dawa upya, na utakuja kila wiki mbili, nitakutafutia nafasi. Hiki kidude hakiponyi mtu. Kinatusaidia kuona, ukikiruhusu kione."

Wiki ya mihuri ikaja. Mama Mizani alimkabidhi mkaguzi kijana sanduku lake mbele ya mkuu wa ofisi, akimhesabia jiwe moja moja na kumwambia lipi linapenda kuteleza. Wakati gari la ofisi linaondoka alisimama dirishani, na iliuma, hakuna haja ya kuficha. Iliuma mpaka akaenda kukaa stoo. Huko alifungua duara la samawati, na safari hii hakulipima. Alivuta pumzi linapotanuka, akaitoa linaposinyaa, mpaka vidole vikamrudia. Jioni mkuu alimwita. "Mafailini utakaa, ila jina lako kwenye mlango wa huko siliandiki," akasema. "Nitasubiri." Kwa mtu anayependa karatasi kama yule, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Namba zikaanza kucheza. Mbili. Tatu. Mbili. Siku moja tano, bila sababu yoyote, ikashuka kesho yake ikawa tatu. Mama Mizani aliutazama mchoro kwa udadisi mkubwa kila Jumamosi. Aligundua kwamba siku alizotembea kwenda kazini zilikuwa juu kidogo. Aligundua kwamba simu ya mume ilimshusha aliposema uongo kwamba yuko sawa, na ilimpandisha siku aliyomwambia ukweli, naye huko aliko akaegesha lori pembeni, wakaongea mpaka chaji ikaisha. Alizoea kuyaandika hayo kwenye daftari lake la kazi, ukurasa uleule, chini ya *Mtengenezaji: hajulikani.*

Mshauri alimpa hatua ndogo ndogo. Kwanza asimame nje ya lango la soko dakika tatu, arudi. Kisha aingie mpaka safu ya kwanza. Kisha, siku akiwa tayari, aweke jiwe moja juu ya mizani moja.

Alichagua asubuhi ya katikati ya wiki, saa ambayo wateja ni wachache. Hakuwa na kazi rasmi huko. Safu ya wifi hukaguliwa na wenzake tangu ule mwaka wa karatasi nyekundu, maana baada ya hapo ofisi ilikataza mtu kumkagua ndugu. Alikuja tu na jiwe la kilo moja mkobani, limefungwa kwenye kitambaa. Kabla hajafika kibandani, moyo ukaanza.

Wifi alimwona rangi ilivyombadilika. Hakuuliza una nini. "Ngapi?" akauliza.

"Tatu."

"Basi kaa kwanza." Akamsukumia kigoda. Wakakaa kati ya magunia ya mchele na ya maharage, simu gotini, duara likitanuka na kusinyaa. Wifi naye alikuwa anavuta pumzi nalo bila kujua. Mteja mmoja alikuja akataka kuuliza kitu, akaonyeshwa kidole asubiri. Moyo ulichukua muda wake, kisha ukatulia kiasi cha mtu kusimama.

Mama Mizani akasimama mbele ya mizani. Mazoea ni mazoea, hakuweka jiwe kwanza. Aliangalia.

Mshale haukuwa kwenye sifuri. Ulikuwa umelala nyuma yake, kama gramu hamsini. Akakunja uso. Akagusa sahani, ikapiga mlio wa bati jepesi. Hii si sahani iliyokuja na mizani hii. Akaweka jiwe la kilo, na mshale ukasimama kabla haujafika, gramu mia tisa na hamsini.

"Wifi, hii inakupunja wewe. Kila kilo unayouza, unatoa zaidi."

Wifi akajifanya kupanga mifuko. Mikono yake haikuwa inapanga kitu.

"Wifi."

"Najua," akasema. Akachomoa kutoka chini ya meza sahani ya chuma, nzito, ile halisi. "Wenzako wakija naiweka hii. Wakiondoka naitoa, naweka ya bati. Leo nilisahau."

"Tangu lini?"

"Tangu ile karatasi." Aliongea akiwa ameitazama sahani. "Kila mteja akitazama mshale naona kama anawaza, huyu ndiye yule. Nikasema bora nizidishe. Nikizidisha hakuna atakayesema neno. Ila bado naona wananitazama. Miaka mitano, wifi, sijapima hata nusu kilo bila kutamani kufunga kibanda."

Mama Mizani akaona ile asubuhi, umati, na yeye mwenyewe na gundi mkononi. "Nisamehe," akasema. "Springi ilichoka tu, na nililijua hilo. Nilipaswa kukunong'oneza. Niliogopa watu, nikakuaibisha wewe."

Wifi alitikisa kichwa mara nyingi, haikujulikana ni ndiyo au hapana. Mama Mizani akaitoa sahani ya bati, akaweka ya chuma. Mshale ukapanda, ukayumba, ukalala kwenye sifuri. Akaweka jiwe. Kilo moja kamili. Mikono yake, aliona sasa, ilikuwa imeinua jiwe na kuliweka muda wote huo bila kufa ganzi.

Lakini hakuitazama mikono kwa muda mrefu. Alikuwa anamtazama wifi.

"Na wewe je?"

"Mimi nini?"

"Ngapi?"

Wifi akacheka, akafuta meza iliyokuwa safi. "Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza mambo hayo."

"Ndiyo nakuuliza."

Wifi aliacha kufuta. Akatazama safu ya soko, akatazama mshale uliotulia.

"Nne," akasema. Kisha akaweka chini kitambaa alichokuwa akifutia meza. "Hapana. Weka mbili."

Mama Mizani akavuta kigoda cha pili, akakiweka karibu na cha kwanza, na mteja akaambiwa aendelee kusubiri kidogo.